Siku tano kwenye vikanisa vya Herefordshire: mimi, Mzee na maji ya mvua

Ijumaa

Nianze na kujieleza maana najua nitaulizwa, we Mwislamu wa Lamu umeenda kutafuta nini makanisani. Mi ni fundi chokaa. Babangu fundi, babake fundi, na hapa Birmingham niko mwaka wa tisa napiga plasta nyumba za watu, na ukikaa kwenye kazi hii muda mrefu unafika mahali huoni tena kanisa wala msikiti, unaona ukuta, unaona upenu, unaona maji yanaingilia wapi. Safari yenyewe kaianzisha Mzee. Mzee ni jirani yangu, seremala mstaafu, mtu wa Kilema kule Moshi, Mkatoliki kabisa, ana miaka sabini na mbili na magoti mabovu, na bado hapiti mlango wowote bila kuzipapasa bawaba. Yeye alikuwa na hamu ya mbao za zamani, mi nina hamu ya chokaa ya zamani, na huko Herefordshire, magharibi mwa Uingereza mpakani na Wales, viko vyote viwili tena vijijini na bure, unasukuma mlango unaingia.

Nilisali Ijumaa kwanza halafu tukapanda treni New Street, saa moja na nusu hivi tuko mji wa Hereford. Gari tulilokodi buti halifunguki, jamaa wa pale ofisini akatuambia wekeni mizigo kiti cha nyuma, basi. Mvua. Mzee akasema aisee kwani hii nchi ina kiangazi.

Usiku hotelini kakangu akanitumia picha za nyumba yetu ya Lamu. Nyumba ya matumbawe, ya babu. Mwaka juzi alikuja kontrakta mmoja akatuambia chokaa mambo ya kizamani, akabandua plasta yote ya chini akapiga saruji, mi nilikuwa mbali nikakubali kwa simu, na hilo ni kosa langu. Sasa saruji imevimba kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki, inaanguka vipande, na nyuma yake ukuta umelowa chapachapa. Nikamuonyesha Mzee. Akaangalia picha muda mrefu akaniuliza swali moja tu: paa mmeliangalia?

Jumamosi

Kilpeck. Kama maili tisa hivi kutoka mjini, vijia vyembamba mpaka ukikutana na trekta mmoja arudi nyuma. Kijiji chenyewe nyumba chache, baa moja, kanisa, na nyuma ya kanisa kilima cha ngome iliyobomoka imebaki vipande vya ukuta kama meno ya mzee. Mzee akashuka akalitazama kanisa akasema, ndo hili tu?

Ndo hilo. Halina mnara, lina kikengele tu juu ya ncha ya paa upande wa magharibi. Jiwe jekundu la mchanga, la huko huko. Likajengwa mwaka 1140 hivi na bwana mmoja jina lake Hugh, mwenye hiyo ngome, akaliweka mikononi mwa watawa wa Gloucester. Sasa nikakumbuka, ule msikiti wa Kizimkazi kule Unguja maandishi yake ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, kwenye kibla yana mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kwa hiyo wakati fundi wa kwetu anachonga matumbawe kule, huyu wa huku naye anachonga jiwe lake kwenye baridi, miaka thelathini na kidogo kati yao, hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake.

Umbo lake ni rahisi ukishalijua na utaliona kwenye makanisa mengi ya wakati ule. Ni vyumba vitatu vinafuatana kutoka magharibi kwenda mashariki: ukumbi wa watu, halafu chumba cha padri, halafu nusu duara ya altare kule mwisho, na kila kimoja chembamba kuliko kilichotangulia, ukisimama mlangoni ni kama vikombe vya kahawa vimeingiana. Sababu ya nusu duara hiyo Mzee aliniambia ni ya ibada, macho yaende mbele yatulie. Mi nikamwambia na ya ujenzi vilevile, ukuta wa duara hauna kona, na kona ndo mahali ukuta unapoanza kufunguka. Tukabishana kidogo. Halafu kwenye kona ya kaskazini mashariki ya ukumbi tukakuta mawe hayafanani kabisa na mengine, makubwa, yamepangwa ovyo ovyo, kumbe ni mabaki ya kanisa la kabla, la Wasaksoni wenyeji, kabla Wanormandi hawajaja kutoka Ufaransa kuiteka nchi mwaka 1066. Fundi wa Hugh hakuibomoa hiyo kona. Iko sawa, ina nguvu, ya nini? Hapo nilimpenda.

Sasa chini ya upenu. Kanisa lote limezungukwa na mawe yaliyochomoza ukutani, kila jiwe limechongwa kitu chake, na yamebaki 85. Mzee akaamua kuyahesabu akafika 81, akarudia akapata 88, akaacha. Kuna mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega kama watoto wa shule, wana macho makubwa ya duara, huyo mbwa nimempiga picha ishirini. Kuna mpiga ala. Kuna nguruwe. Kuna mazimwi yanameza watu. Na kuna mwanamke mmoja pale, sitaeleza amekaaje, Mzee alimuona akavua kofia akaivaa tena akasema haya tuendelee mbele.

Watu wote waliokuwepo walikuwa wanaangalia nyuso, lakini nyuma ya kila uso jiwe linaendelea kuingia ndani ya ukuta, sehemu kubwa iko ndani, na uzito wa ukuta ulio juu yake ndo unaolibana lisipinduke, kama vile unavyokalia mkia wa mbao ili mwenzako asimame kwenye ncha. Juu ya vichwa hivyo kuna mstari wa mawe unatokeza nje, na paa linafika hapo, kwa hiyo maji yakishuka yanadondokea mbali na uso wa ukuta. Hayo madude yote ya kuchekesha, yule mbwa, yule sungura, wako kazini, wamebeba upenu. Na kwa sababu wako chini ya upenu wenyewe wamekaa kavu, ndo maana karibu miaka mia tisa baadaye bado unaona kope za macho.

Mlango wa kusini. Hapa tulikaa mpaka tukapigwa na njaa. Juu ya mlango kuna jiwe la nusu duara lina mzabibu umechongwa, matawi yamejikunja, zabibu zinaning'inia. Chini yake mstari wa msumeno. Kulia na kushoto nguzo zina nyoka wenye miili minene wanaumana mikia, na kwenye nguzo moja kuna watu wembamba wamevaa suruali za mistari wamekwama kwenye majani kama watu waliopotea shambani. Tao linalozunguka lote lina vichwa vya ndege wenye midomo mirefu. Ukiangalia vizuri nakshi yote iko kwenye fremu, mlango wenyewe mbao tupu, na hivyo ndo ilivyo milango yetu Lamu, nakshi iko kwenye kizingiti na nguzo za pembeni na ile ya katikati, bawa la mlango linaachwa wazi. Sisemi mmoja kamuiga mwenzake. Nasema fundi yeyote anajua bawa linachakaa linabadilishwa, fremu inabaki.

Ndani giza kidogo. Madirisha nje ni membamba mkono tu, lakini ndani yamefunguka kama tarumbeta, ukuta umekatwa mshazari pande zote mbili ili ule mwanga kiduchu ukiingia usambae. Kabla ya chumba cha padri kuna tao, na kila upande wa tao kuna mitume watatu wamepandana mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, mtindo adimu sana Uingereza, wataalamu wanaufananisha na sanamu za mlango mmoja wa Santiago de Compostela kule Hispania, maana kuna bwana wa huku huku jirani, Oliver de Merlimond, alikwenda kuhiji Santiago kisha akarudi akajenga kanisa lake Shobdon, na mafundi waliofanya Shobdon ndo kundi moja na hawa wa Kilpeck. Kumbukeni jina la Shobdon, tutafika huko Jumatatu.

Dari ya nusu duara ni ya mawe, mbavu nne zinapanda zinakutana juu kwenye jiwe moja lenye vichwa vya wanyama. Nikamueleza Mzee inavyofanywa: kwanza seremala anaunda tao la mbao, juu yake mwashi anapanga mbavu, akishaweka lile jiwe la katikati kila kitu kinasukumana, ndo anajaza nafasi kati ya mbavu, chokaa ikikaza seremala anaondoa mbao zake. Mzee akasema kwa hiyo bila seremala hakuna dari ya mawe. Nikakubali. Siku nzima alikuwa na furaha na jambo hilo.

Mlangoni kulikuwa na kibao: tafadhali funga mlango, ndege wanaingia. Tutakiona hicho kibao kila mahali.

Jumapili

Mzee kaenda misa asubuhi mjini, mi nimelala. Alivyorudi tukaingia bonde la Golden Valley.

Rowlstone ni kikanisa kidogo mno juu ya kilima na nyumba ya mkulima pembeni, mbwa akatubwekea. Mafundi wa kundi lile lile. Tao la ndani kushoto lina watu wawili wamesimama, mmoja ni malaika, upande wa kulia tena watu wawili lakini hao wamepinduliwa vichwa chini miguu juu. Mi mara moja nikasema fundi kakosea, kaweka jiwe kichwa chini halafu boss hakuona, yashanitokea na kigae. Mzee akacheka akasema we hujui kitu, kanisa hili ni la Mtakatifu Petro na Petro alisulubiwa kichwa chini. Na jogoo wamejaa, ukutani jogoo, kwenye vile vyuma vya kuwekea mishumaa jogoo tena, nalo ni la Petro, aliyemkana Yesu kabla jogoo hajawika. Basi nikanyamaza, ingawa moyoni bado nusu yangu inasema ilikuwa makosa yakapata maelezo baadaye.

Peterchurch ni kubwa zaidi, vyumba si vitatu ni vinne, matao matatu yanafuatana mpaka altareni, kweupe, kumetulia, plasta nzuri ya chokaa imepakwa kwa mkono unaona mawimbi. Makanisa mengi ya Uingereza wakati wa Malkia Victoria walikuja watu wakabandua plasta ya ndani wakaacha mawe wazi, wakaona ndo ukale wenyewe, kumbe waliojenga walikusudia ukuta uvikwe nguo. Mawe yale ya ndani ni ya kujazia, hayakuchongwa ili yaonwe. Ni sawa na mtu akuvue kanzu aseme sasa ndo umependeza.

Lakini kituko cha Peterchurch kiko nje. Mnara una ncha ndefu inaonekana bonde zima, Mzee akaisifu sana, ona kazi ya mawe hiyo, ona ilivyonyooka. Mama mmoja aliyekuwa anapanga maua akatuambia kwa upole kwamba ncha ya mawe ilishushwa miaka ya 1940 mwishoni kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya, na hii ya sasa imewekwa mwaka 1972, ni faibaglasi. Faibaglasi! Kama boti! Mzee hakusema kitu mpaka tumefika garini.

Njiani nikamuuliza, wewe ungefanyaje? Hela za mawe hakuna, mnara bila ncha kijiji kizima kinaona kimekatwa kidole. Akasema angeweka mbao. Naam, seremala.

Jumatatu

Mvua ya kweli leo. Eardisley tukapita haraka, kanisa zuri lakini tulikwenda kwa ajili ya kisima cha ubatizo tu, jiwe moja zima la miaka ya 1150 hivi. Limezungukwa na nyuzi zilizosukwa, kati ya nyuzi kuna askari wawili wanapigana mmoja na mkuki mmoja na upanga, kuna simba mkubwa, na kuna Yesu anamvuta mtu kwa mkono kumtoa kuzimu. Anamvuta kwa nguvu mpaka unaona mwili wa yule mtu umelala mshazari. Mzee alisimama hapo muda, akaweka kiganja ukingoni mwa jiwe. Sikumuuliza.

Pembridge. Hapa ilikuwa zamu yake, na mi leo naandika kama msaidizi wa seremala.

Mnara wa kengele Pembridge haukushikana na kanisa, uko peke yake kwenye nyasi. Iko minara saba ya namna hii mkoa huu. Kwa nje unaonekana kama kitu cha Japani, paa juu ya paa juu ya paa: chini ukuta mfupi wa mawe wa pembe nane, juu yake paa pana linashuka karibu uguse kwa mkono, halafu kisanduku cha mbao, halafu paa lingine, halafu kisanduku kidogo chenye kengele na ncha. Ukiingia ndani unasahau nje. Nguzo nne za mwaloni, kila moja nene kuliko mikono yangu kuizunguka, zinapanda gizani, na kati yake mbao zimepigwa msalaba msalaba kila upande. Wamezipima pete za miti wakakuta miti yenyewe ilikatwa mwanzoni mwa karne ya 13, yaani imesimama hapo miaka mia nane.

Mzee akatoa tochi. Akaniita, kijana wangu njoo uone ulimi. Kila mbao inapokutana na mwenzake moja imechongwa ulimi, nyingine tundu, ulimi unaingia, halafu kigingi cha mbao kinapigwa kati, hakuna msumari. Nikasema hata kwetu vyombo vya zamani, mitepe, vilishonwa hivyo hivyo bila msumari. Akasema sikiliza kwanza. Kengele ikipigwa haishuki chini tu, inabembea, inasukuma mnara kushoto na kulia, kushoto na kulia, na tani zote zile. Ukuta wa mawe haupendi kubembezwa, unapasuka kwenye chokaa, hapo hata we ungeitwa kila mwaka. Mbao inakubali. Inakwenda kidogo inarudi. Na hii misalaba ndo inayorudisha, na yale mapaa ya chini yanayotanuka ni miguu, kama mtu anayesimama kwenye mtumbwi akitanua miguu. Kwa hiyo lile umbo la kijapani si urembo hata kidogo. Kila paa linamwaga maji kwenye paa la chini yake, la chini linayatupa nje mbali na nyayo za nguzo, nyayo zikikaa kavu mwaloni hauozi.

Alikuwa anaongea na mnara, si na mimi. Nilimshikia tochi nusu saa nzima, magoti yake hakuyataja hata mara moja.

Shobdon ni karibu sana na hapo. Lile kanisa la Oliver de Merlimond, la miaka ya 1130, lililoanzisha yote haya, halipo. Miaka ya 1750 familia ya Bateman wenye jumba la pale waliona limekuwa la kizamani wakalibomoa wakajenga jipya, na jipya lenyewe ukiingia unadhani umeingia ndani ya keki ya harusi, kila kitu cheupe na samawati, viti vimechongwa mikunjo mikunjo, nasikia watu wengi wanalipenda na sitawazuia. Walibakiza kisima cha ubatizo cha zamani, kina simba chini. Na yale matao, matao yale ya mafundi wakubwa wenyewe, waliyabeba wakayapandisha juu ya kilima wakayasimamisha kwenye nyasi ili mtu akiwa jumbani atazame mbali aone kitu cha kupendeza.

Tukapanda kwa miguu kwenye tope. Matao matatu yamesimama peke yake yanatazama bonde. Nguzo ni zile zile za Kilpeck, wale watu wembamba kwenye majani, wale nyoka, najua kwa sababu kuna michoro ilichapishwa mwaka 1852 inayoonyesha kila kitu. Lakini ukiangalia kwa macho leo unaona jiwe limelika kama sabuni. Hapa palikuwa na uso, sasa uvimbe tu. Kwenye jiwe la nusu duara palikuwa na Yesu kazungukwa na malaika, unamuona ukishaambiwa yupo. Mvua ilikuwa inashuka juu ya nguzo wakati tunatazama, inapita kwenye mifereji iliyochimbwa na mvua nyingine kabla yake, karibu miaka mia mbili na sabini hakuna aliyewawekea hata bati.

Nilikasirika kweli. Mzee akaniambia twende, umelowa. Nikamwambia mkono ule ule, wakati ule ule, maili chache tu, kule mbwa ana kope na huku Yesu hana uso, na tofauti kubwa ni upenu. Akasema ndo nilikuuliza juzi, paa mmeliangalia?

Usiku nikampigia kakangu. Hakuwa ameangalia.

Jumanne

Kempley, ng'ambo kidogo ya mpaka upande wa Gloucestershire. Kanisa la Mtakatifu Maria, limebaki peke yake mashambani kwa sababu kijiji kilihama polepole kikaliacha, mwaka 1903 wakajenga lingine karibu na watu, na hili sasa liko chini ya English Heritage, shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Nje hakuna kitu, ukuta umepakwa plasta, kibaraza cha mbao, mnara mfupi ulioongezwa baadaye. Hutasimamisha gari.

Mzee akatazama juu akakaa kwenye kiti. Makombamoyo ya ukumbi yamepimwa pete zake, ni ya kati ya 1120 na 1150, na hakuna paa la mbao la jengo lolote Uingereza yote linalojulikana kuwa la zamani kuliko hilo. Ukisikia paa la kale unafikiria kitu kikubwa cha ajabu. Ni kenchi tu. Kenchi za kawaida zimekaribiana, mtambaapanya unavuka kutoka ukuta hadi ukuta ili kuta zisisukumwe nje, kazi ambayo fundi yeyote wa Moshi angeifanya leo. Mzee akasema, mimi ningeweza kuifanya hii. Halafu akasema tena.

Mi nikaenda mbele kwenye chumba cha padri. Dari yake ni nusu pipa la mawe, na dari yote, na kuta zote, ni picha. Yesu katikati amekaa juu ya upinde wa mvua, jua na mwezi, malaika wenye mabawa mengi, na chini yake mitume wamepangana sita huku na sita huku, wote shingo zimepinda wanatazama juu, nyekundu, njano ya udongo, nyeupe. Za mwanzoni mwa karne ya 12. Na hapa ndo penye jambo langu mimi, maana picha hizi hazikupakwa juu ya plasta, zimo ndani ya plasta. Fundi anapiga chokaa mbichi kipande kinachomtosha siku hiyo, mchoraji anaingia nayo ikiwa bado na maji, rangi zake ni udongo uliosagwa. Chokaa inapokauka inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na inapogeuka jiwe inaifungia rangi humo humo. Kwa hiyo lazima walikuwa watu wawili kwenye jukwaa moja, mpiga plasta na mchoraji, mmoja anamwambia mwenzake subiri bado maji mengi, haya sasa, harakisha. Mpiga plasta ni mimi. Unaona mpaka mstari ambapo kipande kimoja kimeishia na kingine kimeanza, ukiinama mwanga ukija pembeni.

Karne ya 16 walipotoka Ukatoliki wakaingia Uprotestanti hapa picha za makanisani zikakatazwa, na watu wa Kempley wakafanya walichofanya vijiji vyote, wakapaka chokaa juu. Wangezikwangua kusingebaki kitu. Walipaka chokaa, na chini yake zikakaa miaka mia tatu kavu zimefunikwa mpaka 1872 zilipogunduliwa. Halafu hao waliozigundua kwa nia njema wakazipaka vanishi ili zing'ae, ikageuka rangi ya chai, ikafunga ukuta usipumue, ikabidi miaka ya 1950 ije kusafishwa. Vanishi ile, saruji yetu ile. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa, kila siku, ukiuziba uso unyevu hauna pa kutokea unatafuta njia kwa nguvu.

Nikakaa kwenye ngazi ya kibaraza nikamrekodia kakangu sauti ya dakika sita. Nimemwambia apande juu kwanza, aangalie mfereji wa dari upande wa baraza kwa jirani, nna hakika umeziba. Azibue. Halafu abandue saruji yote, asiache hata kipande, ukuta ukae uchi upepo uupige hata kama ni miezi, asikubali mtu kumharakisha. Chokaa ndo mwisho, na ya tanuu, iliyolala kwenye maji, si ile ya mfuko. Akajibu kwa maandishi: miezi mingapi? na mama anauliza umekula?

Treni ya jioni. Mzee kalala kabla hatujafika Ledbury, tochi bado iko mkononi. Karibu na Worcester akashtuka akaniuliza kama tulivyotoka Kempley nilikumbuka kufunga ule mlango, kwa sababu ya ndege.

Niliufunga.